Baiskeli ya Mke Wangu

Nilipohitimu shule ya usiku pale Eldoret, mji tuliouita Sisibo, nilijiona msomi kuliko gavana. Nikaajiriwa karani wa ghala la mahindi na kupewa chumba changu peke yangu. Mchana kilikuwa kidogo kama kiberiti. Jioni kilipanuka kikawa kama wilaya nzima ya Uasin Gishu. Nilifikia kuisalimia sufuria.

Mke wangu alikuwa nyumbani Maragoli, mwaka wa tatu sasa. Alituma neno: atakuja, ila habebwi kwenye keria ya baiskeli kama gunia. Aletewe yake mwenyewe.

Baiskeli za kike walikuwa nazo memsabu tu, wake wa Wazungu. Jumamosi nikaenda kwa fundi mmoja mzee, mwenye lundo la fremu kuukuu refu kuliko Mlima Elgon. Alizigonga kwa spana, moja moja, tukisikiliza. Ya kwanza ikalia kama debe.

"Imeoza ndani hii, karani."

Ya kumi ikalia kama kengele ya kanisa. Naapa ng'ombe wa mbali kule Turbo waligeuka.

"Hiyo, Mzee!"

"Hii ni ya mwanaume mrefu. Panda wewe."

"Kata bomba la juu, ulipinde, ulichomelee chini, sketi ipite."

Akacheka. "Nikikata, hairudi. Bibi asipokuja, utavaa sketi wewe?"

"Atakuja."

Akachukua msumeno. "Ana urefu gani? Bomba la kiti nalo nilifupishe."

Nikaweka mkono begani pangu. Nikaupandisha hadi sikioni. Nikaushusha. Mimi niliyekariri mito yote ya Ulaya, nikabaki na mkono hewani kama mtu anayesimamisha lori.

"Sema basi!"

"Begani. Kata."

Akakata.

Mwezi uliofuata ikaja barua: mamake anaumwa, mvua ipite kwanza. Mvua ikapita, ikaja nyingine, nayo ikapita. Ile baiskeli nilijaribu kuipanda mara moja tu. Magoti yakanigonga kidevu. Basi kila Jumapili nikawa naisukuma hadi stesheni na kurudi, mnyororo usishike kutu.

"Karani!" vibarua wakaniita siku moja kando ya reli. "Unatembeza baiskeli kama mbuzi! Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko njiani," nikajibu kwa kicheko kikubwa, nikaongeza mwendo kabla hawajauliza njia ipi.