Hodi kwenye Mzinga Mtupu

Woga wangu ulikuwa na saa zake. Jua likianza kushuka, nikifunga genge langu la nyanya pale Majengo, moyo unaanza kudunda, viganja vinalowa, miguu inakataa kuelekea nyumbani. Hospitalini walinipima wakasema moyo ni mzima. Niliwakasirikia. Moyo mzima gani unaoogopa mlango wake mwenyewe?

Mume wangu alikuwa amefariki masika yale, ghafla, kwa malaria. Asubuhi yake ya mwisho ya uzima alilalamika kwamba chai haina sukari. Tangu tumzike nilikuwa nalala kwa jirani. Kaka yangu akapiga simu kutoka Sibwesa: "Dada, kama nyumba imekushinda, Jumamosi nakuja na gari kukuchukua. Hiyo tutaipangisha." Nyumba ile tuliijenga kwa pesa za asali aliyorina mume wangu kwenye msitu wa Ugalla. Kuondoka sikutaka, na kuingia nilishindwa.

Siku hizo nilikuwa nasoma kwenye simu habari za wanafalsafa wanaosema binadamu huuliza "kwa nini" maisha yake yote na dunia haimjibu. Kichekesho hicho, wanasema, hakina dawa. Mtu akijue, acheke, aendelee na kazi yake. Nilisonya. Maneno ya watu walioshiba.

Lakini yalinirudisha msituni. Mume wangu hakufungua mzinga bila kuugonga kwa kidole, kusema hodi na kutega sikio. Nyuki wakivuma, anawasha moshi. Kukiwa kimya, anaushusha, anatoa utando wa buibui, anapaka nta ndani, anaupandisha tena mtini. Mmoja ulikaa mtupu mwaka hadi mwaka. Nikamwambia aupasue tupate kuni.

"Aa, mke wangu," akacheka, "wenyewe wakija au wasije, mimi nimekuja kupaka nta."

Ijumaa, kesho yake kaka anakuja, nilisimama mbele ya mlango wangu. Nikagonga kwa kidole.

"Hodi."

Jirani alikuwa anaanua nguo. "Mama, humo si hamna mtu? Unampigia nani hodi?"

Nikaweka sikio kwenye mbao. Kimya. Nikalia palepale, hadharani, na katikati ya kilio kicheko kikanitoka, maana nilijiona: mwanamke mzima anasubiri kukaribishwa nyumbani kwake mwenyewe.

Woga haukuondoka. Niliingia nao. Buibui walikuwa wameshajenga kila pembe, nikawatoa. Nikafagia, nikawasha jiko la mkaa, nikampigia kaka nikamwambia asihangaike na gari. Nikabandika chai. Niliweka sukari kama alivyoipenda mume wangu, nyingi mno, na mimi sukari siipendi. Nikainywa yote.