Presha ya boila ilivyotaka kuniondolea mke na mtoto kwenye baridi ya Joburg

Wakuu, salaam kwenu mlioko nyumbani na sisi tuliojichimbia huku Sauzi.

Hili limenikuta mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, na sitatia chumvi. Atakayenicheka anicheke tu, hata mke wangu bado anacheka.

Naishi Kensington, upande wa mashariki wa Joburg. Nauza vifaa vya simu mjini. Mimi na mke wangu wote ni watu wa Tanga, na hilo la Tanga mlishike maana ndiyo kisa chenyewe.

Nyumba tuliyopanga ni ya zamani, na ina kitu ambacho huku ni nadra sana. Kuna boila ya gesi jikoni, inapasha maji moto na kuyazungusha kwenye rejeta za ukutani, chumba hadi chumba. Ndiyo, rejeta, kama ya gari ila ndefu.

Winter ikiingia unawasha, nyumba nzima inakuwa na joto. Majirani wanajikunja na mablanketi, mimi natembea na singlendi. Nilikuwa natamba, sifichi.

Mke wangu akajifungua binti katikati ya baridi. Mama yake akapanda ndege kutoka nyumbani kuja kumlea mzazi mpaka arobaini itoke. Tukampa chumba cha nyuma, kina mlango wake wa kutokea uani.

Sasa wa kwetu mnajua mambo ya mkwe. Mkwe humzoei. Akipita huku, wewe unapita kule. Unasalimia umeinamisha macho, "shikamoo mama," unaitikiwa, basi, kila mtu na njia yake. Ukiwa na neno unampa mke apeleke.

Mimi nimelelewa hivyo na nilijisifu kwa hilo. Tangu mama aingie, uani sikukanyaga tena. Kule ndiko anakoanika nguo zake, nikafuate nini?

Haya, tuje kwenye boila.

Asubuhi moja nimeamka nyumba ya baridi, sakafu inauma miguu. Naenda jikoni, boila imezima. Pale mbele ina geji ndogo ya presha ya maji. Mshale ukiwa kwenye kijani mambo safi, ukishuka chini kabisa inajizima yenyewe. Mshale ulikuwa umelala sifuri.

Chini yake kuna koki ya kujazia. Nikaifungua taratibu, mshale ukapanda mpaka kwenye kijani, nikafunga, nikawasha. Ikaunguruma. Nikajiona fundi.

Kesho yake asubuhi, sifuri. Nikajaza. Keshokutwa, sifuri.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Alfajiri naswali, nakwenda kujaza boila. Jioni ikishika moto naona mshale unapanda mpaka karibu na nyekundu, nafurahi, nasema leo ina nguvu. Asubuhi imekufa tena.

Wakuu, mfumo huu umefungwa. Maji ni yaleyale yanazunguka humo humo. Yakipungua maana yake kuna mahali yanatoka. Nikapapasa rejeta zote, viungo vyote, chini ya mazulia. Kukavu! Nilitukana bomba mpaka nikaona haya.

Fundi bomba akaja, Mzulu mmoja mpole sana. Akakagua nyumba nzima na tochi yake. Akataka kuzunguka nyuma ya nyumba akaangalie na huko.

Nikamzuia. Nikamwambia kule yupo mama mkwe wangu, tafadhali, kagua kwingine.

Akaniheshimu. Wazulu nao wana adabu nzito ya wakwe, alinielewa haraka kuliko ambavyo angenielewa mtu mwingine yeyote hapa mjini. Akatikisa kichwa, akasema, "Eish, basi yanavujia chini ya sakafu. Itabidi tung'oe mbao. Tutaanzia chumba cha nyuma."

Usiku huohuo baridi ilizidi. Mtoto akaanza kukohoa.

Kikohozi cha kichanga kinakata maini, jamani. Mke wangu alikuwa amemkumbatia kifuani ndani ya mablanketi. Kulipokucha tukamkimbiza kliniki, wakasema kifua bado kizima, ila mtoto asilale kwenye baridi.

Tuliporudi, mama mkwe akatuma neno kwa mke wangu. Kama sakafu inang'olewa na joto hakuna, yeye anamchukua mwanawe na mjukuu, wanakwenda Bertrams, mtaa wa jirani, kwa mama mdogo wa mke wangu. Wataishi huko mpaka arobaini.

Alikuwa na haki. Lakini mzazi kutolewa nje ya nyumba ya mumewe kabla ya arobaini, kwa sababu mume kashindwa kuwapa joto? Nilikaa jikoni nikalia, mwanaume mzima, na bomba limenishinda.

Mchana wakaanza kufunga mizigo. Gari imeshaitwa. Mke wangu yuko chumbani anamvisha mtoto.

Mara nasikia kandambili kwenye korido. Mama mkwe huyo, kajifunika khanga mpaka kwenye paji la uso, kashika ndoo yangu ya bluu. Mimi nilishageuka kuangalia ukuta, kama kawaida.

Akaiweka chini mlangoni. "Baba, ndoo yako hii. Imenifaa sana, Mungu akulipe. Nimeiosha."

Nikauliza huku nautazama ukuta, "Ilikuwa ya nini mama?"

"Ya maji ya kutawadhia. Si lile bomba lako la nyuma, linatiririka usiku kucha? Siku za mwanzo yalikuwa meusi nikawa nayamwaga. Baadaye yakatoka masafi. Nikaona maji yasipotee bure, naikinga ndoo. Alfajiri nayaingiza ndani, nayachemsha kwenye birika langu."

Wakuu, niligeuka. Kwa mara ya kwanza nikamtazama mama wa watu usoni.

Nilimuuliza mbona hakuniambia kuna bomba linavuja.

Akasema polepole, bila hasira hata chembe, "Nitakwambiaje baba, nawe ukiniona tu unageuka? Hata bafuni naona taabu kupita mlangoni pako. Nilidhani ujio wangu umekukera."

Nilikosa pa kuweka uso.

Mama wa umri ule, kaacha nyumba yake kuja kumlea mwanangu, anatawadha kwa maji ya boila kwa sababu anaogopa kukutana na mimi koridoni. Na mimi huku najiona nina adabu kuliko wote!

Nikamwomba radhi palepale, tena nikiwa namtazama. Nikamwambia mama hujanikera, nilidhani ndiyo heshima. Akacheka kidogo, akasema heshima ni pamoja na kuulizana hali.

Kisha nikatoka mbio kwenda uani kwa ruhusa yake. Kweli, juu ukutani limetokeza bomba dogo la shaba, na chini yake sementi imebadilika rangi.

Nikampigia fundi. Nilipotaja hilo bomba tu akasema sharp, anakuja, tusing'oe kitu.

Kwa wenye shida kama yangu, maelezo ni haya. Boila ina tanki dogo lenye mpira ndani, upande mmoja upepo, upande wa pili maji. Maji yakipata moto yanatanuka, ule upepo unayapa nafasi. Tanki langu upepo ulikuwa umekwisha. Jioni presha ilikuwa inapanda mno, valvu ya usalama inafunguka, maji yanatoka nje kwa lile bomba. Yakipoa, presha inakuwa sifuri. Na mimi kila asubuhi najaza, yanatoka tena.

Fundi alipofika akapunguza maji, akajaza upepo kwenye lile tanki kwa pampu ya mguu ya matairi, akaikagua valvu, akajaza maji upya. Na tafadhali, lile bomba la nje msilizibe hata siku moja. Likizibwa boila inaweza kupasuka.

Gari ya Bertrams tukairudisha.

Kwa hiyo funzo la kwanza, ukiona unajaza maji kila siku, acha kujaza, tafuta yanakotokea. La pili, adabu za kwetu nazipenda na sitaziacha, ila nilizifuata bila kuuliza kama mwenzangu anazipokea hivyo.

Jana nimerudi kazini nimechoka, nikakaa sebuleni kando ya rejeta. Mama mkwe akaingia na mtoto. Zamani ningeshainuka. Nilibaki nimekaa, nikasema shikamoo mama.

Akaitikia marahaba, akaja mpaka nilipo, akaniwekea binti yangu mikononi. "Mshike baba," akasema, "mimi nikaoge." Akapita mlangoni petu kwenda bafuni.

Wenye wakwe ndani ya nyumba, hasa huku ugenini, nyie mnaishi nao vipi? Na wajuzi wa boila kama kuna nilipokosea, nikosoeni.