Tumbawe Nililolitafuna Mbele ya Mkaguzi

Chekeni tu, mimi aibu yangu nilishaimaliza. Miaka ya themanini ilikuwa inaishia, mimi mwalimu mpya wa baiolojia katika shule ya wasichana hapa Kisumu, na mimba yangu ya kwanza inanitangulia kila mlango, na ilitaka kitu kimoja tu, odowa (yale mawe laini ya udongo wajawazito wetu hununua sokoni na kutafuna kama karanga). Siku hiyo mkaguzi anakuja kunitazama nikifundisha. Akisema sifai, sithibitishwi kazini, narudi kwa mama mkwe kule Awasi kupalilia miwa.

Sasa nilikuwa na tumbawe dogo jeupe la kuwaonyesha wasichana, kaka yangu alilitoa Mombasa. Kurudi kulitafutia boksi nikaona uvivu, miguu imevimba, nikalitia mfuko wa koti, humo humo na odowa.

Somo likaanza vizuri, jamani! Nikawaambia matumbawe ya mawe si yote yanajenga miamba baharini. Nikalitoa, nikalionyesha, nikalirudisha mfukoni: hili huishi peke yake, mnyama mmoja ndani ya kikombe chake, chini gizani, halina mwani mwilini wa kulipikia chakula kwa jua, linajikamatia vidudu kwa minyiri yake. "Na kutojenga si ukoo," nikasema kwa maringo, "ni maisha tu. Ukoo mmoja, huyu anajenga, ndugu yake hajengi!" Raha ikanipanda, mkono ukajiendea mfukoni, nikatia kinywani, nikauma.

Kraa!

Nyasaye, Mungu wangu! Jino likalia mpaka kisogoni. Msichana wa mbele akauliza kwa heshima zote, "Mwalimu, kumbe huwa tunayatambua kwa kuonja?"

Darasa likalipuka, mimi nacheka huku natema, mtoto tumboni anapiga teke, vipande vinaanguka mezani. Kumbe kikombe kimepasuka katikati, na vijikuta vyake vya ndani vinaonekana vizuri, vimejipanga kwa sita sita. Nikapayuka, "Haya, njooni! Wataalamu huyapanga kwenye koo zao kwa kuangalia vijikuta kama hivi!"

Wakaja mbio. Mkaguzi, mama mrefu asiyecheka, akaja pia, akainama, akavihesabu kwa ncha ya kalamu. Kisha akaninong'oneza, "Umepita, Mwalimu. Sasa hiyo odowa yenyewe iko wapi? Mimba yangu ina miezi minne, na ofisini hawajui."

Nikampa yote. Tangu hapo siweki kitu mdomoni bila kukikagua, hata mkate wa Bwana kanisani naugeuza kwanza, na kasisi ananikasirikia.