Chumba Alichopewa Bi Saado

Abdishakur alinunua nyumba pale Maua, na mji mzima ukajua. Si kwamba watu walikuwa wambeya. Ni yeye mwenyewe hakuwapa nafasi ya kutojua. Kila aliyepita barabarani aliitwa: "Karibu, ingia uone nilichomnunulia hooyo!" Hooyo ndiye mama yake, Bi Saado, mjane aliyekuwa akiishi Isiolo kwa bintiye Sahra, kwenye joto lake alilolizoea. Mwana wa kiume alikuwa ameapa kwamba mama yake hatazeekea kwa binti, akamleta huku mlimani kwenye mvua. Alitaka mama akae kwake. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Nyumba ilikuwa ya mawe, na zamani ilikuwa ghala la miraa la mzee Mukiri. Abdishakur alilijua hilo vizuri, maana yeye ndiye aliyekuwa akipakia miraa hapo kwenye pikapu na kuikimbiza Nairobi. Alikuwa ameona kwa macho yake majani ya migomba ya kufungia miraa yakilowekwa, mabunda yakinyunyiziwa maji yasinyauke, maji yakitapakaa sakafuni na kurukia kuta. Alijua maji ndiyo uhai wa miraa. Kwamba maji yaleyale yalikuwa yakiingia ukutani, ah-ah, hilo halikumpitia kichwani. Alipokuta mzee Mukiri amepigilia mbao nyembamba kwenye kuta na kuzipaka rangi ya maziwa, aligonga kwa kidole akasema, "Kazi safi!" Kazi safi, eti. Na mtu mzima!

Chumba cha ndani kabisa, chenye ubaridi kuliko vyote, kile ambamo miraa ilikuwa ikilazwa, ndicho alichompa mama. Kwa heshima.

Bi Saado akaanza kukohoa. Mvua ikazidi, kikohozi nacho kikazidi. Jirani yao Karambu alileta uji wa wimbi, akasema, "Hii baridi yetu haina huruma, mama, lakini utazoea." Hakuzoea. Alichofanya ni kuchoma ubani, asubuhi na jioni, chumba kikajaa moshi. Abdishakur akaona mchawi keshapatikana. Ijumaa moja, wageni wakiwa wamekaa mkekani, aliingia chumbani kwa mama, akatoka na chetezo kingali kinafuka, akakimwaga uani mbele ya wote.

"Unajiua kwa moshi, halafu watu waseme mimi nimeshindwa kukutunza!"

Jamani, kumfokea mama mbele ya wageni! Watu waliinamisha vichwa. Bi Saado, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni, alivuta shela yake akarudi ndani.

Moshi uliondoka, kikohozi kikabaki. Ikafika mahali hawezi kumaliza sala bila kuketi. Hospitalini daktari alimsikiliza kifua, akauliza kama chumba anacholala kina unyevu. "Daktari, nyumba imetengenezwa upya!" Abdishakur alijibu, nusura akasirike. Lakini swali lile lilimfuata hadi nyumbani. Alisukuma kabati la mama, akachomeka bisibisi kwenye ukingo wa ubao, akavuta.

Lo! Ukuta wote mweusi. Kuvu ilikuwa imetanda kutoka sakafuni hadi dirishani, ina manyoya, inanuka kama gunia la viazi vilivyooza. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hiki kilikuwa karibu na mto wa mama yake. Akakaa chini.

"Harufu yake niliisikia tangu usiku wa kwanza," Bi Saado alisema kutoka kitandani.

"Sasa hooyo, kwa nini hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Kila mara una mgeni mlangoni unamwonyesha nyumba. Nikaona nichome ubani, wasije wakaisikia wakakucheka."

Abdishakur alitamani ardhi immeze. Mama alikuwa akimsitiri, na yeye akamwaibisha kwa sababu ya sitara hiyohiyo. Alilia palepale, kamasi na machozi, bila kujificha.

Simu ya mama ikaita. Alikuwa Sahra, aliyezoea kupiga kila jioni. "Hapana, mwanangu, ni baridi tu," Bi Saado alimwambia. "Kaka yako ananitunza vizuri sana."

Hayo yalimchoma Abdishakur kuliko matusi. Aliinuka, akamnyang'anya simu.

"Sahra, anakudanganya kwa ajili yangu. Nyumba yangu ndiyo inayomuua. Njoo kesho umchukue, akakae kwako."

Sahra hakuuliza mara mbili, alisema anakuja. Abdishakur akashusha pumzi. Angalau safari hii, alijiambia, nimetenda haki. Alipogeuka, mama yake alikuwa analia, yeye ambaye kikohozi chote kile hakikuwahi kumtoa chozi.

"Humu ndani kuna vyumba vingine, na ni vikavu," alisema. "Si ungeniuliza kwanza?"