Fahali Mwenye Chapa Pajani

Twalib alikuwa mchora mabango wa Musoma, mtu wa mjini asiyemjua ng'ombe ila kwenye sahani. Miaka ile ya uhaba wa bidhaa, sabuni yenyewe ilikuwa adimu, sembuse rangi. Aliomba masalia kwa mafundi wa mitumbwi, akayazimua kwa mafuta ya taa, kazi ikaenda.

Chuo kimoja cha ualimu kilimtaka aibunie timu yake ya mpira nembo: fahali mwenye hasira. Akaenda Bweri, pembeni mwa mji, kwa Hamduni, mchinjaji, mume wa dada yake Tabu, ambako fahali mkubwa alikuwa amefungwa akingoja kisu. Hamduni alikuwa amemnunua kwa watu ambao hakuwauliza wametoka wapi. Twalib akamchora vilevile alivyo, pembe moja imepinda, na pajani chapa ya moto, duara lenye mikia miwili. Aliiona pambo. Pambo, jamani! Kwa wafugaji chapa ni jina la mwenye mali. Wachezaji nao walikuwa wageni wa mikoa ya mbali, wakazivaa fulana zao zenye picha hiyo kwa mbwembwe.

Timu ilialikwa kijiji kimoja cha njia ya Butiama, na Twalib akafuatana nayo aione kazi yake ikishangiliwa. Kabla ya mapumziko, mzee Stanislausi, mfugaji wa pale, aliingia uwanjani, akamkamata golikipa fulana, akaitazama chapa, akapiga yowe. Vijana wakaja na fimbo na mapanga. Golikipa alipasuliwa kichwa. Beki alivunjwa taya, akalala akitema meno. Wengine walirundikwa golini wakipigwa na kuulizwa ng'ombe yuko wapi. Panga lilipoinuliwa juu ya shingo ya golikipa, Twalib alijitokeza, akasema picha ni yake.

"Huyu nilikuwaga namlambisha chumvi kwa mkono wangu," Stanislausi alisema. "Mwanangu Ngolo, wezi walimuua kwa risasi akimfuata. Ulimwona wapi?"

Twalib alimfikiria Tabu na wanawe. Kumtaja Hamduni ilikuwa kuichoma nyumba nzima. Hakumtaja. Wakamlaza mkono wa kulia juu ya jiwe, wakauponda kwa kisogo cha shoka, kidole baada ya kidole. Alilia hadi sauti ikamkauka, akamwita mama yake, lakini jina halikutoka. Mwishowe Stanislausi mwenyewe aliwaambia waache, akaketi chini akamlilia mwanawe. Kilio kile kilimuuma Twalib kuliko shoka.

Hospitali waliukata mkono. Chuo kilibaki na fahali yuleyule, hata jezi za dukani zilipoanza kuingia nchini. Kilichofutwa ni chapa tu.

Hamduni alikuja wodini na bakuli la supu, akainama, akanong'ona kuuliza kama ametajwa. Twalib akasema hapana. Hamduni akamshukuru Mungu, akaahidi kumletea nyama maisha yake yote.

"Wewe shemeji nimekulipia kwa mkono," Twalib alimwambia. "Deni la Ngolo ni lako. Nenda kwa baba yake ukaseme mwenyewe."

Hamduni akasema watamuua. Twalib akajibu kwamba huenda, akageukia ukutani. Hamduni aliketi kando ya kitanda, na kwa kuwa supu ilikuwa inapoa, akainywa mwenyewe.