Barua ya Mama na Kalamu ya Wino

Umeniuliza uandike barua yako kwa kalamu au kwa kompyuta, mwanangu. Nakumbuka siku niliyoikataa penseli ya Mzee Haule, na nikikwambia kwamba siku ile haijaniacha mpaka leo usidhani naongeza chumvi. Nilikuwa msichana hapa Lituhi, nimemaliza darasa la saba, najiona msomi. Shuleni tulianza na penseli, na siku mtoto aliporuhusiwa kushika kalamu ya wino alirudi nyumbani kifua mbele. Mimi nilikwenda Mbinga kuchuma kahawa ya watu msimu mzima ili ninunue kalamu yangu mwenyewe, ile ya kujazwa wino wa chupa. Nilikuwa nalala nayo chini ya mto. Cheka tu, hata mimi zamani nilikuwa nikicheka.

Mwaka ule mama aliugua. Kaka yangu Fidelis alikuwa amehamia Mbamba Bay kuvua samaki, kwa sababu mama alimwambia mbele ya majirani kwamba si mwanawe tena. Mama alipoona hali yake haiendi mbele wala nyuma, akaniita nimwandikie barua. Alisema kwa Kinyasa, mimi nikaandika kwa Kiswahili, kurasa mbili za mwandiko wa kuunganisha. Alimwambia Fidelis kwamba neno lile lilikuwa la hasira, kwamba ni mwanawe na hajaacha kuwa mwanawe, na kwamba aje upesi.

Barua nikaipeleka ufukweni mwa ziwa kwa Mzee Haule, aliyesafirisha mizigo kwa mtumbwi wake hadi Mbamba Bay. Orodha ya mizigo yote aliiandika kwa penseli, na penseli yenyewe ilikaa nyuma ya sikio lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mbona umeandika kwa wino? Huku kwetu karatasi inalowa. Shika penseli hii, kaa hapo uandike upya, nitakusubiri."

"Penseli ni ya watoto wa darasa la kwanza, mzee."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaitia barua kifuani. Alikuwa tayari kuchelewesha safari yake kwa ajili yangu, na mimi nikamjibu vile.

Mawimbi yalimkuta njiani, maji yakaingia mtumbwini. Fidelis alipewa karatasi mbili zenye madoa ya buluu, hakuna hata jina lake lililosomeka. Aliambiwa mama anaumwa, lakini hakujua kama anaitwa au anafukuzwa mara ya pili, na Mzee Haule hakuwa na la kumwambia, maana sikumweleza mambo ya nyumbani. Akabaki hukohuko. Mama alilala ameelekeza uso mlangoni siku zote zilizobaki, akiniuliza kama niliandika vizuri. Nilimjibu kwamba niliandika vizuri sana.

Fidelis alifika tumeshazika. Alinyoosha zile karatasi mbele yangu, akauliza mama alisema nini. Nikamwambia neno kwa neno.

"Unanionea huruma tu, mdogo wangu," akasema.

Hakuniamini siku ile, wala miaka yote baada ya kuacha uvuvi na kwenda kulima kule Namswea. Karatasi zile alizitunza.

Mwaka jana aliugua yeye. Akanipigia simu, sauti imekauka, akasema, "Niandikie yale maneno ya mama. Kwa mkono wako. Nikiyaona yameandikwa, labda nitaamini." Ungekuwa wewe ungeshika chochote kilichokuwa karibu, sivyo? Mimi nilisema mkono wangu unatetemeka, na maneno kama yale yanastahili kupendeza. Nikaenda Mbinga kwa mjukuu wangu Stella, mwenye kompyuta. Aliyachapa yote kwa muda mfupi. Siku tatu nzima zilikwenda katika kuchagua sura ya herufi. Hizi nyembamba, hizi zimekaa kama tangazo la duka. "Bibi, zinatosha," Stella akasema, nami nikamwambia atafute nyingine. Kisha nikataka karatasi nzito.

Siku ya nne nikapanda bodaboda kwenda Namswea kwa Fidelis, barua imefungwa kwenye nailoni, safari hii haikuguswa na tone la maji. Nilisikia kilio kabla pikipiki haijasimama. Niliiweka kifuani pake, herufi zake nzuri zimetazama juu, na hakuna aliyezisoma.

Mwanangu, sikukatazi kupenda kalamu nzuri, wala kompyuta iliyozoea vidole vyako. Chagua unachokipenda. Lakini kabla hujachagua, jiulize nani atasoma, karatasi itapita wapi, na yule anayeingoja ana muda gani. Ukiandika kwenye kompyuta, hifadhi mahali pawili, kisha chapa upeleke, usikae kuipamba. Na kama ni neno la msamaha, andika hata kwa mkaa. Wanasema mzee akitoa nasaha moyo wake hupata nafuu. Wangu haujapata, na sidhani kama utapata.

Basi nenda. Mungu aibariki mikono yako, aipe wepesi ambao yangu haikuwa nao, na amweke hai yule unayemwandikia mpaka barua yako imfikie.