Pipa la maji moto lililomponza fundi ukweni

Saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Julai bado haijaachia Kinampanda, wilayani Iramba. Fundi Alute Mughwai ameketi kwenye kigoda nyuma ya uzio wa minyaa, mgongo ameuelekeza kwenye nyumba ya mama mkwe wake kama adabu inavyotaka. Shingo, hata hivyo, haitaki adabu. Kila baada ya muda inageuka yenyewe kutazama bomba la moshi lililosimama kando ya bafu.

"Moshi bado mzito," ananong'ona. "Mlango wa moto uko wazi. Maji hayajaiva."

Pembeni yake, Mzee Isaka, shemeji wa mama huyo na mwenye uwanja huu, anacheka mpaka kofia inamteleza. "Kaa hapo hapo, baba. Safari ile tulikutoza kondoo. Leo ukiruka uzio huu, tunataka ng'ombe."

Alute anacheka pia, kisha anageuka tena kutazama moshi. Asubuhi hii ndiyo itakayoamua kama pipa lake la maji moto litabaki kwenye uwanja wa ukweni au litapakiwa kwenye gari na kurudi naye Singida mjini, huku mama mkwe akibaki na magoti yake yanayouma.

Mjini, jina lake halina doa. Tangu soko huria lilipoingia na nyumba za wageni kuchipua kuzunguka stendi, kila mwenye nyumba anataka mgeni wake aoge maji moto bila kuletewa ndoo mlangoni. Alute ndiye anayeitwa. Mwezi ukiwa mzuri hufunga mapipa mawili, na mapato hayo ndiyo yanayomsomeshea watoto wanne.

Kazi hii hakuzaliwa nayo. Alikuwa fundi wa malori kwenye shirika moja la umma la usafirishaji, hadi mwaka 1993 yeye na wenzake wengi walipopunguzwa kazi. Anasema siku ile alirudi nyumbani na sanduku la spana, akalala siku mbili. Ya tatu, mkewe Damari alimwamsha akamwambia aende akamchomelee jirani geti.

Pipa lenyewe ni la mafuta, la lita mia mbili, limesimamishwa juu ya tanuri dogo la matofali. Maji baridi yanashuka kutoka pipa jingine lililo juu zaidi na kuingilia chini. Maji moto yanatokea juu, yanakwenda bafuni.

"Watu hudhani nimekosea bomba," anasema. "Lakini maji ya moto ni mepesi, hupanda yenyewe. Ukifungua koki, ya baridi yanaingia chini taratibu na kuyasukuma ya moto yatoke. Hayagombani."

Kati ya pipa na ukuta wa udongo unaolizunguka ameshindilia maganda ya alizeti, ambayo mashine za kukamua mafuta zilizojaa siku hizi mkoani huyatupa tu. Maganda hayo huzuia joto lisitoroke. Maji yaliyopata moto alfajiri, jioni bado yanafaa kuogea. Juu kabisa kuna kibomba kilicho wazi, ambacho pipa hupumulia ili lisije likapasuka.

Kasoro ilikuwa moja, nayo mjini haikumsumbua mtu. Moto wa kuni haujui kutosheka. Lazima awepo mtu wa kuvuta kuni nje maji yakishaiva, na nyumba za wageni zina wahudumu wa kufanya hivyo. Mama Hana, mama mkwe wa Alute, anaishi peke yake na kuku wake. Magoti yake yanamuuma kila baridi inapoanza, na zahanati ilimshauri aoge na kujikanda kwa maji moto kila siku. Kusukuma magogo matatu tanurini alfajiri anaweza. Kuinama kila mara kupuliza na kuvuta kuni hawezi.

Damari, binti yake, alimwahidi mama yake maji ya bombani. Ahadi ni ya mke, jasho ni la mume. Mwezi Mei Alute akaja, akafunga pipa, akawasha moto, kisha akajibanza nyuma ya ghala la mahindi ili alisikilize likichemka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama Hana aliingia kuoga, moto ukazidi, kibomba cha juu kikaanza kutema mvuke na kupiga mluzi. Alute akasahau kwamba kwa desturi za familia hii mkwe wa kiume hasogelei bafu la mama mkwe wake, hata kama linaungua. Akatoka mbio kwenda kuvuta kuni. Mama Hana naye, aliposikia mluzi, akatoka mbio kajifunga kitenge, povu limejaa usoni.

"Tulikutana mlangoni," anasimulia Alute, akifunika macho kwa viganja kana kwamba bado anaona. "Yeye akakimbilia mashariki, mimi magharibi. Nikaanguka juu ya banda la kuku. Kuku wote nje, na mimi ndani."

Wazee walikaa wiki iliyofuata. Alute akatoa kondoo wa kuomba radhi, akapokelewa. Lakini Mama Hana aliweka sharti, na Mzee Isaka ndiye aliyelifikisha: pipa likimhitaji mkwe tena wakati yeye anaoga, basi mkwe na pipa waondoke pamoja.

Damari hakumpa mumewe nafasi ya kujitetea. "Nilimwambia, Baba Eliya, malori umeyaweza, pipa moja linakushindaje?" anasema, akiwa amekuja kutoka ndani kuchungulia hali ya mumewe. "Mama yangu hawezi kurudi kwenye sufuria kwa sababu wewe una haraka."

Jibu Alute alilipata stendi. Dereva mmoja alileta lori linalochemsha, akamtaka aing'oe themostati na kuitupa, kama madereva na mafundi wengi wanavyofanya. Wao huamini kidude hicho cha shaba, kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini, ndicho mchawi wa rejeta. Alute akaing'oa, akaishika mkononi, akaacha kuitupa.

"Ndani yake kuna nta," anaeleza. "Ikipata moto inavimba, inasukuma kijiti. Ikipoa inanywea, springi inakirudisha. Kwenye lori inafungulia maji njia. Nikajiuliza, kinachoweza kuyafungulia maji, kitashindwaje kuufungia moto upepo?"

Akachomelea kikombe kidogo cha chuma ubavuni mwa pipa, karibu na juu, kikiwa kimezama kwenye maji ingawa mdomo wake uko nje. Akakijaza mafuta ya alizeti yanayopokea joto la maji, akaitumbukiza themostati humo. Kijiti chake kinasukuma mtaimbo mwembamba, mtaimbo unavuta waya, na waya unashusha kibati kwenye tundu la hewa la tanuri. Maji yakiiva, tundu linafungwa na moto unasinzia. Maji baridi yakiingia, nta inanywea, tundu linafunguka, moto unaamka. Hakuna mtu anayeinama, na hakuna mkwe anayekimbia.

Aliujaribu mtambo huo kwenye pipa jingine kwake mjini kwa wiki tatu kabla ya kuthubutu kuuleta huku.

"Angalia," anasema ghafla. Moshi wa upande wa pili umepungua, sasa ni uzi mwembamba. "Imefunga! Mzee, imefunga yenyewe!"

"Usipige kelele. Ameingia," anasema Mzee Isaka.

Mlango wa bati unasikika ukifungwa. Kisha maji yanamwagika kwenye beseni. Muda unapita, moshi unanenepa tena, na Alute anauhesabu kwa macho kama mzazi anayemtazama mtoto akitembea. Tundu limefunguka. Sasa swali ni kama litafunga. Kibomba cha juu kinatoa mvuke kidogo, na fundi ananyanyuka nusu kwenye kigoda. Mzee Isaka anamshika shati.

Moshi unakonda. Mvuke unakoma. Alute anakaa chini kwa uzito, macho yamemlowa, na wala hajali kuonekana.

Kutoka bafuni kunasikika pambio. Sauti si kubwa, lakini haina haraka. Linaisha, linaanza jingine. Damari anaziba mdomo kwa khanga. "Tangu baba afariki sijamsikia akiimba bafuni," anasema.

Mama Hana anatoka baada ya mapambio manne, amevaa sweta na kitenge kikavu. Anatembea hadi karibu na uzio, hatua zake fupi lakini bila fimbo. Hamtazami mkwe wake, na mkwe anatazama ardhi. Mtu asiyeweza kusema na mkwe wake humtuma aliye karibu, na aliye karibu na Mama Hana kwa sasa ni kuku mwekundu anayeparua majivu.

"We kuku," anasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "mwambie huyo mwenye pipa nimeshukuru. Goti la kulia limekunjuka. Nilipofika la kushoto, maji moto yameisha. Pipa lake ni dogo."

Mzee Isaka anajiuma midomo asicheke.

Alute anajifuta uso, anasafisha koo, na kumgeukia kuku huyo huyo kupitia upenyo wa minyaa.

"Kuku," anasema, "mpe mama shikamoo yangu. Mwambie mwezi ujao naleta la pili, naliunganisha na hilo. Na akina mama wenzake wa hapa wenye magoti kama yake, awakaribishe."

"Marahaba," anajibu Mama Hana, kabla kuku hajapata nafasi.